Msipeleke Makopo Pundanhar

Tangu muhula huu uanze kuna karatasi ya mchango inayozunguka kati yetu wanafunzi tunaotoka Cabo Delgado na marafiki zetu. Kichwa chake kinatuomba tuwasaidie vijana wa mpira wa Pundanhar wapate nguvu za kisasa. Chini yake kuna orodha ya vitu vitakavyonunuliwa: makopo ya unga wa protini, vikombe vya kutikisia unga huo, na vidonge vya asidi amino. Sijaitia sahihi karatasi hiyo. Katika makala hii naeleza kwa nini sitaitia, na kwa nini naona hata walimu wetu wa michezo walioiunga mkono wamepotoka. Sina ugomvi na nia ya mchango. Ugomvi wangu ni na makopo.

Kwa msomaji asiyeijua, Pundanhar si mji wa ufukweni, ingawa wilaya yake ya Palma ina bahari. Iko bara, magharibi ya mji wa Palma, kwenye njia ya kwenda Nangade. Kaskazini yake unapita mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Mtwara. Chakula kikuu ni muhogo. Mahindi yapo, na mpunga upo mabondeni. Samaki hufika huko wakiwa wakavu. Ng'ombe ni wachache kwa sababu ya mbung'o. Kuku na mbuzi huchinjwa akija mgeni au ikifika sikukuu. Aliyeandika orodha ya makopo ameitazama sahani hii akasema hakuna protini hapa, ipelekwe kutoka mjini. Hapo ndipo tunapoachana.

Nikubali kwanza lile ambalo halina ubishi. Mchezaji akikimbia dakika 90, akiruka, akikata kona na kusimama ghafla, nyuzi za misuli yake huchanika kwa machano madogo yasiyoonekana. Maumivu anayoyasikia keshoye akishuka ngazi ni sehemu ya habari hiyo. Mwili huziunga upya nyuzi hizo kwa asidi amino, yaani matofali ambayo protini imejengwa nayo. Ziko aina 20, na 9 kati ya hizo mtu mzima lazima azipate katika chakula, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuzitengeneza. Mtu wa kawaida anahitaji protini kiasi cha gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku; hicho ndicho kipimo cha Shirika la Afya Duniani na wenzake katika ripoti ya mwaka 2007. Mwanamichezo anahitaji zaidi. Vyama vya wataalamu wa lishe vya Marekani na Kanada, pamoja na chuo cha Marekani cha tiba ya michezo, vilikubaliana mwaka 2016 kwamba kiasi chake ni kati ya gramu 1.2 na 2.0 kwa kilo. Kwa hiyo anayesema protini haina kazi katika michezo hajui anachosema, nami simtetei.

Lakini kuna swali ambalo karatasi ya mchango haikuliuliza: hiyo nyongeza, ikipatikana, inaongeza nini hasa? Mwaka 2018 Robert Morton na wenzake walikusanya majaribio 49 yenye washiriki 1,863, wote watu waliokuwa wakinyanyua vyuma, wengine wakiongezewa protini na wengine hapana. Walioongezewa walipata misuli zaidi kuliko wenzao. Zaidi kwa kiasi gani? Kwa wastani, gramu 300. Na katika uzito mkubwa kuliko wote ambao mtu aliweza kuunyanyua mara moja, tofauti ilikuwa karibu kilo 2 na nusu. Tena waliona kwamba mtu akishafika gramu 1.6 hivi kwa kilo ya uzito wake kwa siku, kuongeza zaidi ya hapo hakukuza misuli tena. Hayo ni matokeo ya watu wanaolala kitandani, wanaokula mara tatu, na ambao kazi yao ni kunyanyua vyuma ili misuli ikue. Winga wa Pundanhar hahitaji hizo gramu 300. Anahitaji kuwa na miguu dakika ya 80.

Tufanye hesabu, kwa sababu mabishano ya chakula bila hesabu hugeuka mashairi. Chukua kijana wa kilo 60. Kwa gramu 1.2 kwa kilo anahitaji gramu 72 za protini kwa siku. Kwa gramu 1.6 anahitaji 96. Sasa mpe nusu kilo ya unga wa muhogo kwa siku nzima, aule kwa mchuzi mwepesi. Amepata nguvu za kutosha kutembea hadi shambani na kurudi, lakini protini hajafikisha hata gramu 10. Mpaka hapa mwenye makopo ana haki ya kutabasamu.

Ila punguza muhogo huo nusu, uweke robo kilo ya unga wa mahindi mahali pake: umeongeza gramu 20 hivi. Weka gramu 150 za kunde kavu, ambazo hazifiki hata kikombe kimoja kilichojaa: zaidi ya gramu 30. Weka gramu 50 za dagaa wakavu, kiganja kimoja au kimoja na kidogo: gramu 25 au zaidi, maana samaki mkavu ameshatolewa maji na kilichobaki karibu chote ni protini. Weka gramu 50 za karanga zilizotwangwa katika kisamvu, ile matapa inayojulikana Msumbiji nzima: gramu 12. Jumlisha. Umefika gramu 90 na ushei, na kijana wetu ameshiba. Protini ya mimea husagwa tumboni kwa shida kidogo kuliko ya nyama, basi tupunguze tunavyotaka kupunguza. Bado yumo ndani ya kipimo cha mwanamichezo. Majani ya muhogo yenyewe sijayahesabu, nayo yana protini nyingi kuliko mzizi wake. Hakuna kitu katika hesabu hii ambacho mama wa Pundanhar hakijui kwa jina.

Tena si suala la wingi peke yake. Mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo laisini, na kunde zinayo tele. Kunde zina upungufu wa methionini, na mahindi yanayo. Ndiyo maana sahani ya ugali na kunde ni kubwa kuliko jumla ya sehemu zake. Bibi zetu waliijua sahani hiyo kwa ulimi kabla maabara haijaijua kwa jina, na sioni kwa nini tuone haya kulisema hilo darasani.

Imani kwamba nguvu ya misuli inanunuliwa ndani ya chombo si ya jana. Katikati ya karne ya 19 mkemia mkubwa wa Ujerumani, Justus von Liebig, alifundisha kwamba msuli unapofanya kazi hujichoma wenyewe, yaani protini ndiyo kuni za mwendo. Mwaka 1865 wanasayansi wawili, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, waliamua kuipima imani hiyo kwa miguu yao. Walikula vyakula visivyo na protini, wanga na mafuta na sukari, kisha wakapanda mlima Faulhorn huko Uswisi, karibu mita 2,000 kutoka chini hadi juu, huku wakikusanya mkojo wao. Kutokana na mkojo walijua ni protini kiasi gani iliyotumika mwilini. Haikutosha hata kidogo kueleza kazi ya kuupandisha mwili mlima ule. Kuni za mwendo zilikuwa kitu kingine: wanga na mafuta. Na mwaka huohuo wa 1865 kampuni iliyobeba jina la Liebig ilianzishwa London kuuza rojo ya nyama kwenye vyupa, ikisifiwa kuwa inatia nguvu, ingawa protini iliyokuwamo ilikuwa ndogo. Mimi nikiona tangazo la unga wa kopo lenye picha ya mkono uliotuna, namkumbuka huyo mzee na chupa zake.

Somo la Faulhorn linawahusu sana vijana wetu. Mkimbiaji na mchezaji wa mpira wanaendeshwa zaidi na wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini. Ukiisha, miguu inakuwa mizito, na hakuna unga wa protini utakaoiamsha. Lililo baya zaidi ni kwamba mwili usiposhiba huichukua protini uliyoila na kuichoma kama kuni. Kumpa kopo kijana mwenye njaa ni kama kumpa fundi mbao za mninga wakati nyumbani kwake hakuna hata ukuni wa kupikia uji: ataziweka jikoni, na hutamlaumu. Chakula cha kutosha kwanza. Protini hufanya kazi yake juu ya shibe.

Hapa nageukia upande wa pili, kwa sababu nao una makosa yake. Kuna wenzangu waliolikataa kopo kama mimi, ila kwa hoja nyepesi. Wanasema: tazama Wakenya, wanakula ugali tu na wanaishinda dunia, protini ya nini? Hoja hii inapendeza, inatupa fahari, na ni mbovu.

Wakimbiaji wa Kenya wamepimwa chakula chao kweli. Mwaka 2002 ilichapishwa kazi ya Dirk Christensen na wenzake kuhusu vijana 12 wa Kikalenjin, wakimbiaji wa magharibi ya Kenya. Asilimia 71 ya nguvu za chakula chao ilitoka kwenye wanga. Hapo wenzangu hufunga kitabu. Wangeendelea kusoma wangekuta kwamba vijana hao walikuwa wakipata protini gramu 88 kwa siku, na kwamba vyakula vyao viwili vikuu vilikuwa mahindi na maharage, vikitoa asilimia 81 ya nguvu zote. Mahindi na maharage, si mahindi peke yake. Miaka miwili baadaye Vincent Onywera na wenzake walipima wakimbiaji wa ngazi ya juu kabisa wa Kenya: wanga asilimia 76.5, protini asilimia 10.1, ambayo kwa uzito wao ilikuwa gramu 1.3 hivi kwa kilo. Humo kulikuwa na ugali, wali, maharage, mboga, na chai ya maziwa yenye sukari kila wakati. Hawa si watu wasiokula protini. Ni watu wanaoipata ndani ya chakula cha kawaida, kwa kiasi kilekile ambacho vitabu vya Marekani vinakitaka, bila kopo. Mfano wao unamshinda mwenye makopo, na unamshinda pia anayesema ugali mtupu unatosha.

Na neno ugali linatudanganya. Ugali wa mahindi na ugali wa muhogo vinaitwa jina moja, vinasongwa kwa mwiko mmoja, lakini si chakula kimoja. Gramu 100 za unga wa mahindi zina protini gramu 8 hivi. Za muhogo zina gramu 2 au pungufu. Mkenya anayekula ugali na sukuma wiki bila maharage siku moja bado ameokota kitu. Mtu wa Pundanhar anayekula ugali wa muhogo na mchuzi wa maji hajaokota.

Kwetu kaskazini ya Msumbiji jambo hili lina historia inayotisha, na nashangaa halifundishwi katika somo la michezo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ukiloweshwa, ukianikwa na kusubiriwa siku zinazotakiwa, sumu hupungua hadi kutodhuru. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu wa mkoa wa Nampula, jirani zetu wa kusini, walibaki na muhogo mchungu karibu peke yake, na kwa njaa wakafupisha siku za kuutayarisha. Watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, waliamka wakiwa miguu haiwatii. Huko ugonjwa uliitwa mantakassa. Katika vitabu huitwa konzo, jina lililotoka Kongo. Miguu hukakamaa ghafla na haiponi. Vita vilipowafukuza watu mashambani, ugonjwa ulirudi tena Nampula mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana hata ng'ambo ya Ruvuma, mkoani Mtwara.

Protini inaingiaje hapo? Mwili una njia yake ya kuiondoa sianidi: huigeuza kuwa kitu kisicho na makali na kukitoa kwa mkojo. Kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo unaitoa katika asidi amino mbili, methionini na sisteini. Mwenye samaki na nafaka katika sahani yake anazo za kutosha. Asiyekula ila muhogo hana, na kidogo alichonacho kinakwenda kupigana na sumu badala ya kujenga mwili. Ndiyo maana nasema protini kwetu si habari ya kifua kipana na mkono uliotuna. Ni habari ya kusimama. Mtu anayetaka kuzungumza nami juu ya protini na miguu ya vijana wa Cabo Delgado na asiitaje konzo, namwona ametafsiri kijitabu cha ukumbi wa mazoezi wa nchi nyingine akakiita utafiti.

Basi protini ya Pundanhar iko wapi, kama sahani nyingi hazina? Sehemu yake inapakiwa kwenye malori. Kaskazini ya Msumbiji na kusini ya Tanzania ni nchi ya mbaazi, na mbaazi kavu ina protini gramu 22 hivi katika kila gramu 100. Mwaka 2016, Narendra Modi alipozuru Maputo, Msumbiji na India zilitia sahihi makubaliano ya kuuziana mbaazi kwa serikali zote mbili. Wakulima wakahimizwa walime, wakalima. Mwaka uliofuata India ikaweka mipaka ya kiasi cha kuingiza, na bei ikaanguka pande zote mbili za Ruvuma. Sisemi watu wasiuze. Mtoto hasomi kwa mbaazi iliyochemshwa. Ila uone mzunguko ulivyo: tunauza protini kwa gunia na bei anaipanga mwingine, halafu tunachanga fedha kuinunua protini kwa kopo, na bei anaipanga mwingine tena.

Na lile kopo lenyewe ni nini? Kwa kawaida ni unga unaotokana na maji yanayobaki baada ya maziwa kugandishwa kuwa jibini. Zamani viwanda vya jibini viliyaona maji hayo kuwa taka. Ni protini nzuri, sikatai, ina leusini nyingi, asidi amino inayouamsha msuli uanze kujijenga. Lakini aina zake za bei nafuu hubaki na sukari ya maziwa, na watu wazima wengi wa mwambao wetu hawaisagi sukari hiyo. Tumbo hunguruma na kuharisha. Tena unga huu hukorogwa kwa maji mabichi. Kunde huchemshwa saa nzima. Katika mkoa ambao kipindupindu kimeurudia mara kwa mara, mimi najua chungu kipi nikiamini.

Yupo na mwenye hofu ya dawa zilizokatazwa, na hofu yake ni ya haki. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilinunua viongeza-lishe 634 madukani na kwa wauzaji wa nchi 13 mwaka 2000 na 2001, vyote visivyotangazwa kuwa na homoni. 94 kati yake vilikutwa na homoni za kujenga misuli zisizoandikwa kwenye lebo. Sheria ya kimataifa ya kupambana na dawa hizo haimwulizi mchezaji alikusudia nini; kilichokutwa mwilini mwake ni chake. Kijana wetu akipata bahati ya kuitwa timu ya mkoa, tutamtetea kwa nini? Kwa karatasi yetu ya mchango?

Walimu wangu wawili wamenijibu kwamba nasahau jambo la wakati: kwamba protini lazima iingie ndani ya dakika 30 baada ya mazoezi, na kwamba ni kopo tu linaloweza kufika uwanjani kwa haraka hiyo. Kwa heshima zote, hilo ni tangazo lililovaa koti la maabara. Msuli uliofanya kazi hubaki tayari kupokea protini kwa muda wa siku nzima hivi. Lenye maana ni jumla ya siku, na kuigawa katika milo badala ya kuirundika usiku, gramu 20 au 25 kila mlo. Hata katika Ramadhani, vijana wengi wa Palma wanapofunga na kucheza jioni, tatizo silo dakika 30. Tatizo ni kwamba futari inakuwa muhogo na chai, na daku inakuwa kiporo cha muhogo huohuo. Weka kunde kwenye futari, na samaki kwenye daku, na umefanya lililoshindikana kwa kopo.

Kuna jambo jingine linalojenga msuli na haliuzwi: usingizi. Usiku ndipo mwili unapofanya ukarabati wake mwingi. Sasa fikirini wilaya ya Palma. Vita vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mji wa Palma ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Vijiji vya ndani, Pundanhar ikiwemo, vilikimbiwa. Kwa miaka ile watu walilala msituni, mchana wakirudi kupika, usiku wakiondoka na watoto mgongoni. Mashamba yaliachwa, mbegu zililiwa au ziliungua. Vijana tunaotaka kuwapelekea nguvu za kisasa walikulia humo. Kabla ya vita hivyo, hesabu ya afya ya taifa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba asilimia 43 ya watoto wa Msumbiji walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na Cabo Delgado walikuwa zaidi ya nusu. Mtoto wa miaka minne wa mwaka 2011 leo ni kijana. Ndiye anayevaa jezi.

Watetezi wa makopo hunitajia Maria Mutola. Wanasema alikuwa binti wa Maputo kama mabinti wengine, akapelekwa Oregon mwaka 1991, akala vya huko, akarudi na dhahabu ya mita 800 kutoka Sydney mwaka 2000. Mutola alikwisha kukimbia Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 15, kabla ya Oregon. Na Oregon alikuta shule, kocha, kiwanja cha kukimbilia, mashindano kila msimu, na meza yenye chakula kila siku. Kati ya hayo yote mtu anachagua kopo, kwa kuwa ndilo pekee linaloingia kwenye begi.

Nimemtaja Mutola, basi niseme na hili. Alianza kwa kucheza mpira na wavulana, na alikuwa José Craveirinha, mshairi, aliyemshawishi aingie kwenye riadha. Katika orodha yetu ya mchango hamna msichana hata mmoja. Nyumba nyingi nilizokulia kando yake, samaki huanza kwa baba, hufuata kaka anayecheza mpira, na binti hupata mchuzi. Binti huyo ndiye aliyetwanga muhogo asubuhi, akachota maji, akabeba kuni. Misuli yake nayo ilichanika. Naye anahitaji hizo gramu, tena akianza kupata hedhi anahitaji na madini ya chuma yaliyomo katika dagaa na kunde, ambayo kopo la maziwa halina la kusemwa. Tukipeleka makopo kwa timu ya wavulana tumeihamisha desturi ya mchuzi kutoka jikoni hadi uwanjani, na tumeipa lebo.

Nimesikia pia pingamizi la kweli, nalo nalijibu kwa heshima zaidi. Kunde zinachukua muda na kuni, na mchezaji aliyezila mchana atajaa gesi jioni. Ni kweli. Zikilowekwa usiku na maji ya kwanza yakamwagwa, muda wa jikoni unapungua na gesi inapungua. Siku ya mchezo zisiliwe mchana. Ziliwe usiku uliotangulia na baada ya filimbi ya mwisho. Unga wa muhogo, hasa ule mchungu, ulowanishwe maji kidogo, utandazwe mwembamba kivulini kwa saa tano, ndipo usongwe: sehemu kubwa ya sianidi iliyobaki huruka hewani. Njia hii imefundishwa tayari Msumbiji na haigharimu kitu. Huo nao ni msaada wa protini, kwa sababu methionini isiyotumika kupigana na sumu hubaki kwa ajili ya msuli.

Sasa fedha. Kopo moja la kilo mbili lina protini kilo moja na nusu hivi. Kwa bei ya kopo hilo dukani mjini, tuseme tunapata kunde kilo 40 tu. Hizo zina protini kilo 9. Na kunde huwezi kuzila tu, unaweza kuzipanda. Mwezi wa Desemba zikiingia ardhini, majani yake yanaliwa kabla punje hazijakauka.

Kwa hiyo orodha yangu, kwa yeyote anayetaka kuifuta ile ya kwanza, ni hii: mbegu za kunde na karanga kabla ya mvua, gunia la dagaa wakavu kila mwezi wa msimu wa mechi, na sufuria mbili kubwa. Moja ya timu ya wavulana, moja ya wasichana, zipikwe siku za mazoezi na wale wote wamekaa. Mchango wangu uko kwa katibu tangu wiki iliyopita, ndani ya bahasha, na juu yake nimeandika neno moja: sufuria. Likinunuliwa kopo, ninaomba nirudishiwe.